Uzito upi?

Msomaji anayeandika tasnifu ya uhandisi ameniuliza: ule mchanganyiko wa unga wa kauri na kimiminika, unaopitishwa chini ya kisu juu ya filamu ya plastiki inayotembea ili utoke utepe mwembamba, auite tope au rojo? Amenitumia na sentensi moja ya sura yake ya matokeo: “Uigaji wa kompyuta umeonyesha kwamba uzito wa tope ukiongezeka, uzito wa utepe hupungua.”

Swali lake ni jepesi. Aandike tope. Rojo si kosa, ila wengi wakilisikia fikra zao hukimbilia jikoni. Na kauri aliache lilivyo. Lilitujia kutoka Uhindi likiwa jina la simbi, likahamia kwenye vyombo vyenye mng’ao kama wake, na sasa limeenea kwenye kila kilichochomwa kwa namna hiyo.

Kilichonikera ni hiyo sentensi. Neno uzito limetajwa mara mbili, na mara zote mbili sijui linasema nini. Miaka nenda miaka rudi nakutana na uovu huu katika maandishi ya sayansi: kimiminika kisichotiririka upesi ni kizito, chenye densiti kubwa, yaani masi nyingi katika ujazo uleule, ni kizito, na kitu kinene nacho ni kizito. Mtu akisema wino mzito katika mazungumzo simsumbui, kwani Kiswahili kimesema hivyo tangu zamani na kamusi zinakubali. Tasnifu si mazungumzo.

Chukua mafuta ya mashine. Yamwage juu ya maji, yataelea, maana densiti yake ni ndogo kuliko ya maji. Yajaribu kuyamimina kwenye tundu jembamba, yatajivuta, maana mnato wake, yaani ukinzani wake wa kutiririka, unaweza kuzidi wa maji mara mia na zaidi. Je, mafuta ni mazito kuliko maji au ni mepesi? Sasa chukua zebaki. Densiti yake ni zaidi ya mara 13 ya maji, chuma huelea juu yake, lakini mnato wake haufiki hata mara mbili ya ule wa maji, na ikimwagika hukimbia sakafuni kabla hujainama. Mwandishi wa “uzito” angeiweka zebaki wapi? Na lugha haijamnyima neno. Mnato upo, umetokana na kunata.

Katika kazi ya msomaji wangu jambo hili linageuza matokeo juu chini. Tope linalogusa filamu hukokotwa kwa mwendo wa filamu; linalogusa kisu husimama. Kwa hiyo, kama filamu ndiyo pekee inayovuta, wastani wa mwendo chini ya kisu ni nusu ya mwendo wa filamu, na utepe mbichi hutoka na unene wa nusu ya mwanya ulio kati ya kisu na filamu: mwanya wa milimita 0.4 hutoa utepe wa milimita 0.2 kabla haujakauka na kusinyaa. Lakini nyuma ya kisu kuna kina cha tope, na kina hicho kinasukuma. Msukumo huo huongeza unene, na katika mlinganyo densiti imekaa juu ya mstari wa mgawanyo, mnato umekaa chini. Densiti ikipanda, utepe hunenepa. Mnato ukipanda, utepe hupungua kuelekea ile nusu. Basi “uzito wa tope ukiongezeka” una majibu mawili yanayopingana, na msomaji wa tasnifu hana njia ya kujua lipi limekusudiwa.

Kuna zaidi. Tope la namna hii kwa kawaida hulegea linaposuguliwa: likifika chini ya kisu mnato wake hushuka, likitoka hupanda tena. Densiti yake haijabadilika hata chembe. Mtawanyishi kidogo tu unaozuia chembe za unga zisishikane huweza kuushusha mnato sana huku densiti ikibaki karibu pale pale. Anayeandika kwamba uzito ulishuka chini ya kisu amemwambia msomaji kwamba sehemu ya tope imetoweka.

Uzito wa pili katika sentensi ile, nadhani, ni unene. Nasema nadhani, kwa sababu utepe una uzito wa kweli pia, nao hupimwa kwa mizani.

Sentensi yake nimeiandika upya: “Uigaji wa kompyuta umeonyesha kwamba mnato wa tope ukiongezeka, unene wa utepe hupungua.” Akague na vichwa vya majedwali. Safu iliyoandikwa uzito huku vipimo vyake vikiwa paskali-sekunde ni ya mnato. Yenye kilogramu kwa mita ya ujazo ni ya densiti. Newtoni ndizo za uzito.