Mtoto wa farasi alizaliwa mzima, mbona amekufa?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Ninafuga farasi wa Kiarabu hapa Barka, Omani. Farasi wetu jike alizaa mtoto wa kupendeza, akasimama na kunyonya ndani ya saa mbili. Alipotimiza wiki sita alianza kutoa kamasi nzito, kisha akakohoa na kuhara. Antibiotiki zilimpa nafuu ya siku chache tu, na kabla ya kumaliza mwezi wa tatu akafa. Kaka yangu anasema jike huyu ana mkosi, auzwe, ilhali mtoto wake wa kwanza, wa dume mwingine, ni mzima hadi leo. Je, tumuuze?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu, na poleni. Msimuuze kwanza. Nafuu ile isiyodumu inanifanya nishuku upungufu mkubwa wa kinga wa kurithi, ambao maabara huuandika SCID. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa bila limfosaiti zinazofanya kazi, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazovitambua vijidudu na kupambana navyo. Wiki za mwanzo huishi kwa akiba ya kinga aliyoinywa katika dang'a la mama yake, ndiyo maana mlimwona mzima. Akiba hiyo ikimwishia, hata kirusi kinachomletea mwenzake mafua madogo humwangusha, na ni nadra kuvuka miezi mitano. Aliyekosa dang'a, kwa kawaida, huugua mapema zaidi, mara nyingi katika siku za mwanzo.

Kuhusu mkosi, Mabedui tangu zamani huhesabu nasaba ya farasi kwa upande wa mama, na nadhani ndiyo sababu lawama nazo humwangukia mama. Jeni mbovu inayoleta SCID haijui desturi hiyo. Ili mtoto augue ni lazima apokee nakala mbovu kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba, ambao wote wawili, kwa kuwa kila mmoja ana nakala moja nzima, huonekana wazima kabisa, hushinda mashindano na huzalishwa bila wasiwasi. Wabebaji wawili, yaani farasi wenye nakala moja mbovu kila mmoja, wakipandana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mbebaji akipandwa na dume asiye na kasoro, hakuna mgonjwa atakayezaliwa, ingawa nusu ya watoto huweza kuwa wabebaji.

Kasoro yenyewe iligunduliwa mwaka 1997, na kipimo kipo tangu wakati huo. Ng'oeni nywele 20 hadi 30 za shingoni au mkiani mwa jike, pamoja na mizizi yake, kwa kuwa zilizokatwa kwa mkasi hazifai, mzitume maabara kupitia daktari wenu wa mifugo. Akionekana hana jeni hiyo, SCID si iliyomuua mwanawe, na tutatafuta sababu nyingine. Akiwa mbebaji, mnaweza kuendelea kumzalisha, ila mwenye dume awaonyeshe cheti cha kipimo kabla hamjamlipa ada ya kupandisha.