Jibu: Pensheni ya ulemavu kwa mgonjwa wa akili

Dada, umeuliza kama mdogo wako wa Mafinga, aliyeacha kazi kiwandani kwa sababu ya skizofrenia, anaweza kudai pensheni ya ulemavu NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii). Anaweza kuomba, ila uamuzi hutegemea michango yake pamoja na uthibitisho wa bodi ya madaktari. Mwombeni daktari wa akili asiishie kwenye jina la ugonjwa, bali aeleze kile ambacho mgonjwa hawezi tena kukifanya kazini, kwa mfano kushika zamu au kufuata maelekezo ya msimamizi, na tangu lini. Kadi ya kliniki, hata kama imechakaa, msiitupe. Tarehe za sindano zilizoandikwa humo ni ushahidi. Michango isipotosha, mwoneni afisa ustawi wa jamii kuhusu msaada wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ingawa mpango huo huangalia zaidi umaskini wa kaya.