Theluji na kijana wangu

SWALI: Shikamoo. Mwanangu anasoma Uswisi. Theluji imeanguka siku mbili mfululizo, na kesho wanapanda mlima nje ya njia rasmi. Nimwambieje? Mama, Tukuyu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpigie leo, asiende. Siku moja mbili baada ya theluji nzito ndizo mbaya kuliko zote kwa maporomoko ya theluji: tabaka jipya halijashikana na la chini, na mara nyingi uzito wa mpandaji mwenyewe ndio hulikata. Nimekulia Kiwira, nimeona udongo wa masika ukiteremka na migomba imesimama wima. Theluji nayo hukatika hivyo, bamba zima, hasa miteremko ya digrii 30 hadi 45. Akisikia mlio mzito chini ya buti, ageuke. Siku nyingine, kila mmoja abebe koleo, fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na kifaa cha redio cha kutafutana chini ya theluji. Aliyefukiwa ana kama dakika 15 tu za kuokolewa akiwa hai. Waokoaji wa mbali mara nyingi hawawahi.