Asiye na Hatia, Asiyelaumika, Maasumu: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Mwalimu, magazeti huandika mara "asiye na hatia", mara "asiye na kosa". Je, maana ni moja? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Maana zinakaribiana, lakini mbele ya hakimu kila neno lina kazi yake. Kosa ni tendo lenyewe, na hatia ni hali ya mtu ambaye imethibitika kwamba amelitenda; ndiyo maana mshtakiwa husomewa kosa, kisha, ushahidi ukitosha, hutiwa hatiani. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 13(6)(b), imeyatumia maneno yote mawili kwa uangalifu, kwani inapiga marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Barabarani hali ni nyingine. Bodaboda ikigongwa na watu wakakusanyika, utasikia "mwacheni dereva, hana kosa", na atakayesema "hana hatia" atadhaniwa kuwa wakili. Hukumu ikishatoka, Watanzania wengi husema mtu "amekutwa na hatia", na Wakenya husema "amepatikana na hatia". Yote ni sahihi.

Swali: Mtu akiachiwa huru na mahakama, je, naweza kuandika kwamba hana hatia? (Mwandishi chipukizi, Dodoma)

Jibu: Uliza kwanza ameachiwa kwa njia gani. Mahakama ikisikiliza kesi hadi mwisho na kumwona hana hatia, andika hivyo bila wasiwasi. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa mashtaka kabla ya hukumu, mshtakiwa hutoka, lakini anaweza kukamatwa tena na kushtakiwa kwa jambo lilelile. Hapo andika "ameachiwa baada ya mashtaka kuondolewa", kwa sababu hakuna aliyepima hatia yake, ingawa bado anastahili kuhesabiwa kuwa hana. Naye mfungwa anayetoka kwa msamaha wa Rais, unaotolewa chini ya ibara ya 45 ya Katiba hiyo, amesamehewa adhabu, na msamaha huo peke yake haugeuzi hukumu iliyomtia hatiani. Vichwa vya habari huwakusanya wote watatu katika "huru!", na msomaji hubaki gizani.

Swali: Kwa nini taarifa za vita husema "raia wasio na hatia"? Kuna raia wenye hatia? (Msomaji, Bukavu)

Jibu: Swali lako limegusa mazoea ambayo mimi siyapendi. Mwandishi hukusudia kuonyesha huruma kwa watu waliokuwa hawana hili wala lile, wakaangukiwa na bomu wakiwa sokoni. Hata hivyo, Mikataba ya Geneva ya 1949 na itifaki zake za 1977 haiwalindi raia kwa kuwa ni wema. Inawalinda kwa kuwa hawashiriki moja kwa moja katika mapigano, na hata mwizi wa mbuzi aliyejificha nyumbani kwake ni raia asiyeruhusiwa kulengwa. Kuongeza "wasio na hatia" hufungua mlango wa mtu kudai kwamba hawa waliouawa walikuwa nayo. Neno "raia" linatosha.

Swali: Ustadhi, je, mtoto mchanga anaweza kuitwa maasumu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Neno hili limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kulinda: maasumu ni aliyekingwa asitende dhambi. Waislamu wa madhehebu ya Shia huwataja Maasumu 14, yaani Mtume Muhammad (SAW), binti yake Bibi Fatima na Maimamu 12, ilhali Masuni hulihusisha neno hilo na Mitume. Mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi, lakini hilo ni jambo jingine, na kwetu pwani jina lake lipo siku zote: malaika.

Swali: Katika Biblia ni nani "asiyelaumika"? (Mwanakwaya, Iringa)

Jibu: Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 3:2, unataka askofu awe "mtu asiyelaumika". Hapa mizani imo mikononi mwa watu wanaomfahamu: mwenendo wake usiwape mahali pa kumshika. Linganisha na Pilato katika Mathayo 27:24, anaponawa mikono na kusema, "Mimi sina hatia katika damu ya mtu huyu mwenye haki." Pilato anajiondolea hatia kwa kinywa chake mwenyewe, kisha anamtoa mwenye haki asulubiwe, lawama hakuiepuka.

Swali: Ni "wasio na hatia" au "wasiyo na hatia"? (Mwanafunzi, Tanga)

Jibu: Ni "wasio". Mmoja ni "asiye", wengi ni "wasio", na "asie" nayo si sahihi. "Wasiokuwa na hatia" inakubalika pia.