Kabla ya Kusifia Maji, Kamua Kuvu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia kwa furaha: kuvu yake imetoa rangi yote kwenye majitaka ya kutilia rangi vitambaa, je, ayarudishe kazini? Ndugu yangu, ngoja kwanza. Hapo ulipo nilifika, nikaaibika.

Nilianza na Trametes versicolor, kuvu inayoozesha magogo. Vimeng'enya vyake huvunja lignini, ile gundi ngumu ya mti, na kwa kuwa havichagui sana, rangi za azo, kundi kubwa la rangi za vitambaa, nazo huzivamia. Niliotesha nyuzi zake kwenye vipande vya dodoki. Majitaka hayo huwa na magadi mengi, kwa hiyo nikayatia uchachu, nikashusha pH hadi 5, nikashikilia joto kwenye nyuzi 28. Siku chache baadaye maji ya buluu yaliangaza kama ya kunywa! Nikatembeza bilauri kifua mbele, na mkuu wangu akaamuru yatumike siku ileile.

Kitambaa kikatoka na mabaka. Nikaambiwa mbele ya wenzangu kwamba nimeharibu kazi ya watu kwa uyoga wangu. Neno hilo linanichoma hadi leo, sifichi.

Usiku nilichomoa dodoki moja, nikalikamua ndani ya kikombe cha spiriti. Spiriti ikageuka buluu. Sehemu kubwa ya rangi haikuvunjwa; kuvu iliinyonya tu, ikakaa nayo mwilini. Chumvi ya kutilia rangi ilibaki majini, maana kuvu haiiondoi. Tena maji yalikuwa na uchachu niliouweka mwenyewe, wakati rangi ile hushika uzi penye alkali, yaani magadi.

Basi kamua kwanza. Pima chumvi, rekebisha pH. Otesha mbegu chache kwa maji hayo uone kama mizizi inatoka, kwani rangi iliyovunjika nusunusu huweza kuacha kemikali zenye sumu ziitwazo amini, nazo hazina rangi ya kukushtua. Kamua, narudia! Tusikimbilie bilauri ya kupigia picha huku tukijua maji tunayomwaga yanakwenda kwa watu wengine, nao wana watoto.

Siku hizi maji yangu nayatumia kusuuzia vitambaa vya rangi nzito tu. Kwenye rangi hafifu sijayaruhusu, na kikombe cha spiriti kiko mezani kila asubuhi.