Mkamwana akifika Ardennes mwezi wa tatu: baridi, matope na kutembea na watoto

Yaya, ndugu yangu mkubwa, maswali yako mawili nimeyapata. La kwanza: mkamwana wako na watoto wakifika huku Ubelgiji mwezi wa tatu, si baridi itakuwa imeisha? La pili: kwa nini kila picha inayotoka vijijini inaonyesha familia inatembea porini kwenye mvua, hali hakuna soko wanaloliendea? Nitajibu wazi, maana anayefikia Bruxelles ana ndugu karibu na maduka yanayouza sombe (kisamvu). Anayefikia kijiji cha Ardennes, eneo la misitu na vilima kusini mwa Ubelgiji, anahitaji maelezo mengine.

Baridi haiishi mwezi wa tatu. Ardennes si milima mirefu. Mahali pa juu kabisa, Signal de Botrange, ni mita 694, wala hapafiki nusu ya kimo cha mji wetu wa Bukavu, Kongo. Lakini mwezi wa nne, huko juu, mchana unacheza kati ya nyuzi 8 na 12, usiku 2 au 3, na theluji inaweza kuanguka tena. Wenye bustani hawatoi miche ya nyanya nje kabla ya katikati ya mwezi wa tano, kwa kuogopa baridi ya tarehe 11 hadi 13, siku wanazoziita za Watakatifu wa Barafu. Sisi Bukavu usiku ukishuka hadi 14 tunatafuta jaketi. Huku, 14 ni mchana wa kufurahia.

Na mvua si ile tunayoijua. Ya kwetu inapiga kwa nguvu, inakatika, jua linatoka, matope ya Kadutu yanaanza kukauka. Ya huku ni manyunyu yanayoweza kukaa siku tatu. Maji si mengi, ila hakuna kinachokauka: njia, viatu, nguo, hata ukuta.

Kwa hiyo nianze na nyumba, kwani matembezi yanaharibikia hapo. Nyumba nyingi za vijijini zinapashwa moto kwa mazutu inayokaa kwenye tanki, au kwa kuni. Mwezi wa nne wageni wengi wanazima moto ili kuokoa pesa. Kuta zinapoa, nguo zinaanikwa ndani, na nguo za mashine moja zinaacha lita 2 hivi za maji hewani. Baada ya wiki chache unaona ukungu mweusi nyuma ya kabati, na mtoto anaanza kukohoa. Afadhali aache moto mdogo, nyuzi 18 hivi, afungue madirisha ya pande mbili kwa dakika 10 asubuhi na jioni hata kama nje kunauma, na kabati lisigusane na ukuta wa nje. Kuni zikauke miaka kama 2 kabla ya kuchomwa. Kuni mbichi zinajaza bomba la moshi masizi ya mafuta, nayo ndiyo yanayowasha moto ndani ya bomba. Na mwambie kabisa, yaya: asiwashe mbabula (jiko la makaa) ndani, hata kwa bugali ya dakika 20. Nyumba za huku zimezibwa kila upande, na ile hewa ya makala haina harufu. Inaua watu wakiwa usingizini.

Sasa kuhusu kutembea. Watu wa vijijini wanatembea kwa sababu nyumba inabana. Jumatano shule inaishia saa sita. Basi ni chache, na Jumapili vijiji vingine havipati hata moja. Na hakuna anayebisha mlango. Hili ndilo litakalomuumiza mkamwana kuliko baridi: anaweza kumaliza wiki nzima bila mtu mzima kumsalimia zaidi ya mume wake. Njiani porini watu wanasalimiana, mbwa na watoto wanafungua mazungumzo. Kila Jumapili kuna matembezi yanayoitwa marche ADEPS katika vijiji mbalimbali: ni bure, hakuna kujiandikisha, unachagua kilometa 5, 10, 15 au 20, unafuata mishale. Mwanzo na mwisho ni kwenye ukumbi wa kijiji au shule, na kwa kawaida watu wanakaa hapo kunywa kitu. Kama ataniuliza apate wapi marafiki, nitamtuma pale kabla ya mahali pengine popote.

Mipango yake aifanye kwa saa, asiifanye kwa kilometa. Mtu mzima kwenye njia kavu anakwenda kilometa 4 au 5 kwa saa. Akiwa na mtoto wa miaka 5 kwenye matope, ahesabu 2. Kilometa 5 ni saa mbili na nusu, ongeza nusu saa ya kula: saa tatu nzima. Kama wana saa tatu, baada ya saa moja na nusu wanageuka, hata kama kilele kinaonekana pale. Watoto wanachoka wakati wa kurudi, na baridi inawakuta wakiwa wamechoka.

Njia pia zinatofautiana. Zile za RAVeL zimetengenezwa juu ya reli za zamani na kando ya mito: ni tambarare, nyingi zina lami, kigari cha mtoto kinapita. Aanzie hapo wiki za kwanza. Njia za GR, zenye alama nyeupe na nyekundu kwenye miti, ni za milimani. Pale trekta za wakata miti zinachimba mifereji inayojaa maji, na mizizi na mbao za vidaraja zinateleza kuliko matope yenyewe. Porini sheria inataka ubaki njiani na mbwa awe na kamba. Kabla ya kutoka aangalie utabiri wa IRM, taasisi ya hali ya hewa, ambayo inatoa rangi za tahadhari. Ikiwa njano ni ya mvua, asubiri ipite. Ikiwa ni ya upepo, asiingie msituni kabisa, matawi yanakatika. Na kukiwa na upepo abadilishe hesabu ya nguo: nyuzi 6 na upepo wa kilometa 30 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 1.

Nguo: adui ni pamba. Fulana ya pamba ikilowa inabaki imelowa, inanyonya joto la mtoto. Ndani avae sufu au nguo ya michezo ya nailoni, katikati polari (sweta laini ya manyoya ya kiwandani), juu koti la mvua lenye kofia. Suruali ya jeans ibaki nyumbani. Kosa lingine ni kuwavika sana: mtoto anapanda mlima anatoka jasho, mnaposimama kula jasho linakuwa barafu. Watoke nyumbani wakihisi baridi kidogo, na polari ya ziada ikae kwenye mfuko wa plastiki pamoja na soksi mbili kwa kila mtoto.

Mtoto wao mdogo, wa miezi minane, ndiye wa kuangalia sana. Mama anapanda mlima anapata joto, kumbe aliye mgongoni hasogei. Kitenge kinapomvuta, suruali inapanda, na kati ya soksi na suruali kunabaki ngozi wazi ambayo mama haioni. Soksi za sufu zifike magotini. Kitenge kifungwe chini ya koti pana, kisilowe, na uso wa mtoto ubaki wazi apumue. Kila dakika 20 mtu atie kidole kwenye shingo ya mtoto, kwa nyuma. Pakiwa na joto, sawa, hata kama mikono ni baridi. Pakiwa baridi, wanarudi. Chini ya nyuzi 5 mimi singemzidisha saa moja nje.

Kwa wakubwa, dalili ya kwanza ni ukimya. Mtoto aliyekuwa anapiga kelele ananyamaza, anajikwaa, hawezi kufunga zipu. Hapo msimame, avuliwe kilicholowa, avae kikavu, anywe chai ya sukari kutoka kwenye thermos. Kama alikuwa anatetemeka kisha ameacha bila kupata joto, amekuwa mzito wa usingizi, msimsugue, msimtembeze: pigeni 112, namba ya dharura. Simu itatumia mtandao wowote uliopo.

Kuna pia kupe. Joto likifika nyuzi 7 hivi wanaamka, wanangoja kwenye majani marefu, na wale wadogo wanalingana na mbegu ya lengalenga. Baadhi wanabeba ugonjwa wa Lyme. Jioni ile ile watoto wavuliwe, waangaliwe nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kitovuni, nyuma ya masikio na kwenye nywele, katikati ya misuko. Kupe ashikwe karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, avutwe polepole. Asimwagiwe mafuta wala petroli, wala asichomwe na kiberiti, maana akisumbuliwa anatapika ndani ya kidonda. Tarehe iandikwe kwenye kalenda. Doa jekundu likianza kupanuka kati ya siku 3 na 30, waende kwa daktari. Antibiotiki inatibu vizuri ikianza mapema.

Viatu vikirudi vimelowa, vijazwe magazeti, yabadilishwe baada ya saa mbili, vikae mbali na jiko. Moto unaachanisha gundi ya soli, na utajua katikati ya matembezi yanayofuata.

Jaketi za baridi asinunue Bukavu, anabeba uzito bure. Watoto wa huku wanakua upesi, na vijijini buti na makoti yao yanauzwa bei ndogo kwenye mitumba. Mizigo iwe ya vitenge vitatu vizito na kadi za chanjo za watoto. Na kuhusu simu: hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu atakuwa nyuma yenu kwa saa moja, baada ya hapo saa zenu zitalingana hadi mwisho wa mwezi wa kumi. Mpigie Jumatano mchana, watoto wakiwa nyumbani, na umuulize kama wiki hiyo ametoka.