Antivairasi gani ni bora? Kwanza uliza nani aliizima iliyokuwapo

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Busia, upande wa Uganda. Jumatatu asubuhi kijana wangu wa hesabu alifungua kompyuta akakuta mafaili yote yameongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina na hayafunguki: orodha ya madeni, ankara, nakala za vitambulisho vya wateja wa mkopo. Kila folda ina faili liitwalo _readme.txt linalodai dola 980, au dola 490 tukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Kompyuta ilikuwa na antivairasi. Fundi wetu anasema ataifomati na kutuwekea antivairasi nyingine, "full", kwa shilingi 50,000. Je, ni antivairasi gani bora kwa biashara ndogo kama yangu?
Mfanyabiashara, Busia

JIBU: Dada yangu, pole sana. Usilipe, na fundi huyo asiiguse hiyo kompyuta kwanza. Itoe kwenye intaneti, chomoa kila flashi na diski iliyochomekwa, kisha endelea kusoma.

Bei hiyo ya 980 inayoshuka hadi 490 naijua. Ni alama ya kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa kiitwacho STOP, au Djvu, ambacho kimekuwa kikizunguka tangu 2018. Hakiwindi mabenki. Kinawinda maduka, wanafunzi, ofisi za mawakala wa forodha, watu kama wewe. Na karibu kila mara kinaingia kwa mlango mmoja: kraki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni. Muulize kijana wako aliweka nini siku mbili tatu kabla ya Jumatatu. Muulize kwa upole, maana akiogopa kufukuzwa atakuficha, na wewe unahitaji kujua. Huenda alitaka programu ya kuhariri PDF, au Office ilikuwa inamsumbua na ujumbe wa leseni. Huenda pia hakuweka chochote, na aliyeweka ni fundi.

Kuhusu mafaili yako. Fungua lile _readme.txt, nenda chini kabisa palipoandikwa namba yako ya utambulisho. Ikiishia na "t1", kirusi kilishindwa kuwasiliana na seva ya wezi na kikatumia ufunguo wa akiba, ule ule kinaoutumia kwa watu wengi. Hapo kuna tumaini: kampuni ya Emsisoft ina programu ya bure, tangu Oktoba 2019, inayofungua mafaili ya namna hiyo pale ufunguo unapokuwa umepatikana. Isipoishia na t1, ufunguo wako ulitengenezwa huko kwa wezi kwa ajili ya kompyuta yako peke yake, na hakuna fundi Kampala wala Nairobi anayeweza kuukisia. Anayekuambia "nipe milioni mbili nitafungua" ama anakudanganya, ama ataenda kulipa wale wale wezi kwa siri na kuweka chenji mfukoni. Usitafute vifunguzi ovyo mtandaoni pia. Mwaka 2020 ilionekana programu iliyojidai kufungua mafaili ya Djvu. Ukiiendesha inayafunga mara ya pili kwa kirusi kingine kabisa, Zorab.

Kuna jambo dogo la kukupa moyo. Kirusi hiki kina haraka, kwa hiyo hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili na kuondoka. Barua na vijedwali vidogo vinakwisha vyote, lakini faili kubwa, kama hifadhidata ya mauzo, hubaki na sehemu nzima ndani ambayo mtu mwenye ujuzi huweza kuitoa. Ndiyo sababu sitaki ifomatiwe. Nunua diski mpya uendelee na kazi, na hiyo ya zamani iweke kwenye bahasha, uandike tarehe, uifungie. Ankara ulizotoa kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki, zimo kwa URA, mamlaka ya mapato. Ingia kwa kompyuta nyingine uzitazame.

Ukiwa kwenye hiyo kompyuta nyingine, badilisha maneno ya siri. Yote: baruapepe, benki, EFRIS, akaunti za mitandao ya kijamii. Djvu mara nyingi huja na mwenzake anayekusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuyatuma kabla mafaili hayajafungwa. Fundi akifomati, neno la siri lililokwisha safiri halirudi. Na zile nakala za vitambulisho vya wateja: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka utoe taarifa data za watu zinapoingiliwa, na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ndiyo ya kuiarifu. Najua wenye maduka hawapendi kusikia hivyo. Lakini mtu akichukua mkopo wa simu kwa kitambulisho cha mteja wako, mteja huyo ana haki ya kuwa alionywa.

Sasa swali lako lenyewe. Nimeulizwa "antivairasi gani ni bora" kuliko swali jingine lolote katika kazi hii, na karibu kila mara anayeuliza ameshaumia. Unasema kompyuta ilikuwa na antivairasi. Nakuamini. Nataka nikueleze nilichokiona kwa macho yangu katika ofisi moja Kampala, nilipoketi kando ya fundi aliyeitwa kuweka Office.

Alichomeka flashi. Ndani mlikuwa na folda, na ndani ya folda kulikuwa na karatasi ya maelekezo, mstari wa kwanza ukisema uzime antivairasi. Akafungua ulinzi wa Windows, akazima ulinzi wa papo hapo. Kisha akaenda kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, ile ambayo kazi yake ni kuiambia antivairasi "hapa usitazame", akaongeza C:\ nzima. Diski yote. Akabonyeza kraki mara mbili, dirisha jeusi likatokea na kupotea, maandishi ya kijani yakasema imefanikiwa. Akafunga kila kitu, akasema sasa ni orijino, akapokea pesa yake. Ulinzi wa papo hapo ulijiwasha tena baadaye wenyewe. Ile C:\ ilibaki kwenye orodha.

Kwa hiyo kompyuta ile inaonyesha alama ya kijani kila siku. Mwenye ofisi akiitazama anaona mlinzi yuko mlangoni, na kweli yuko, ila ameambiwa afumbe macho. Tangu siku ile, kila kompyuta inayoletwa kwangu nafungua orodha hiyo kwanza kabla ya kugusa kitu kingine, na nimekuta C:\ humo mara nyingi mno. Hakuna antivairasi duniani, ya bure wala ya kulipia, itakayokukinga na kirusi ambacho umeifungulia mlango kwa mkono wako. Na hiyo "full" ya shilingi 50,000 anayokuuzia fundi ni kraki nyingine. Antivairasi ya kraki! Unampa ufunguo wa duka mtu aliyevunja kufuli la jirani.

Wananiambia, "Fundi, sisi hatuna pesa ya leseni, sisi wadogo." Nawaelewa, nami nilianza na kompyuta ya mtumba. Lakini ulinzi uliomo ndani ya Windows, Microsoft Defender, ni wa bure na unatosha kabisa duka la ukubwa wako. LibreOffice ni ya bure na inafungua barua na majedwali ya Office. Pesa unayompa fundi wa kraki kila baada ya miezi michache ingenunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala, kitu pekee ambacho kingeifanya Jumatatu yako iwe usumbufu wa nusu siku tu. Lakini diski hiyo chomeka Ijumaa, nakili, chomoa, nenda nayo nyumbani. Ikikaa imechomekwa itafungwa pamoja na mengine. Nakala za mtandaoni zinazojisawazisha nazo zina shida hiyo hiyo, maana faili lililofungwa linapanda juu na kulifunika zima, labda huduma hiyo iwe inatunza matoleo ya zamani.

Kosa la pili la mafundi hawa linaniuma zaidi kwa sababu linafanywa kwa nia njema: wanazima masasisho ya Windows, eti yanakula bando. Yanakula, kweli. Lakini Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani, na Mei mwaka huo huo kirusi kingine cha kufunga mafaili, WannaCry, kikapitia tundu hilo hilo na kulaza kompyuta za hospitali Uingereza. Sasisho lilikuwa limeshatoka miezi miwili kabla. Afadhali upakue usiku, au uende na laptopu mahali penye Wi-Fi mara moja kwa mwezi. Na kama kompyuta yako bado ina Windows 10, jua kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kijana wako wa hesabu mtengenezee akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Neno la siri la msimamizi ubaki nalo wewe. Akitaka kuweka kitu, kompyuta itaomba neno hilo, naye itabidi aje kwako, nawe utamuuliza kimetoka wapi.

Na siku fundi yeyote akija, awe wangu au wako, kaa naye hadi amalize. Kabla hujamlipa, mwambie afungue mipangilio ya ulinzi wa Windows, sehemu ya kinga dhidi ya virusi, ashuke mpaka kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, uisome mwenyewe. Inatakiwa iwe tupu. Akikuambia hiyo C:\ ni ya kawaida, mlipe nauli tu, kisha uiondoe kwenye orodha hiyo.